Kucha Tisa za Lokombe

Mama yangu ni kiguu na njia, na ninaposema hivyo simsifu. Wanaomsifu ni watu wa Yabotumbe. Wao wamefaidi miguu yake, mimi nimekula vumbi lake. Asubuhi yuko shuleni na darasa la sita, mchana yuko kwenye mihogo yake, alasiri amesimama mlangoni pa mtu akiuliza kwa nini chandarua cha mbu kimegeuzwa uzio wa kuku. Hata chakula anakula amesimama. Ukimwambia aketi, anaketi, halafu unageuka kumtilia pondu, mboga yetu ya majani ya mihogo, na ukirudi na sahani unakuta kiti kitupu.

Jina lake ni Clothilde, lakini kijiji kizima humwita Madame, kama wanafunzi wa kwetu wanavyomwita mwalimu wa kike. Alizaliwa Mangobo, Kisangani, akasomea ualimu huko, akaolewa na mwalimu Émile, baba yangu. Baba akamchukua magharibi, kupita Simi-Simi, kuvuka mto Lindi, mpaka kijiji ambako wakati huo Kiswahili cha mama hakikuwa na wa kukijibu. "Mwaka moja tu," baba alimwambia. Mwaka huo mmoja sasa una miaka thelathini na mitatu. Baba tulimzika hukohuko, na mama hakurudi mjini. Aliyerudi ni mimi. Nina cherehani yangu Mangobo, mitaa miwili kutoka nyumba alimozaliwa yeye, na watu huniuliza kwa nini simleti mama akae nami. Mimi huwaambia, mleteni ninyi.

Juu ya ualimu, mama ni relais. Ndivyo tunavyowaita watu wa kujitolea wanaosaidia kituo cha afya. Anapita nyumba kwa nyumba, anahesabu watoto, anawaita akina mama siku ya chanjo. Chanjo ikishapita, anazunguka tena kutazama vidole. Mtoto aliyechomwa sindano hupakwa wino wa zambarau kwenye ukucha wa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na wino huo hautoki kwa sabuni wala kwa mchanga. Ukucha wenye wino, mtoto yuko salama. Ukucha mweupe, mama anamshika mtoto mkono na kumpeleka kwa muuguzi, hata kama mtoto analia mpaka majirani wanatoka.

Sasa fikirieni kazi hiyo mikononi mwa mtu asiyeona.

Mwezi wa kumi na mbili nilimpeleka kwa daktari wa macho mjini. Daktari alisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha kufa na halirudi. La kulia, linaloona kama kwenye ukungu, linaweza kubaki kama litapasuliwa mapema, na wapasuaji wangekuja Kisangani mara moja tu mwaka huu, mwezi wa pili. Nikamwandikisha. Alhamisi, saa moja asubuhi, jina likiitwa mgonjwa awepo. Asipokuwepo, nafasi anapewa mwingine.

Mama aliniapisha nisimwambie mtu. Aliogopa mkaguzi wa shule angesikia na kumstaafisha. Basi akawa anaigiza. Kitabu cha darasa la sita anakijua kwa moyo, anafungua ukurasa wowote na "kusoma". Ubaoni anamsimamisha mwanafunzi aandike, eti anawafundisha mwandiko mzuri. Watu anawatambua kwa kikohozi na kwa namna wanavyoburuta kandambili. Nilimwambia: mficha maradhi, kifo humuumbua. Akanijibu kwamba hajafa bado, na akaenda zake.

Jumanne nilifika Yabotumbe kumchukua. Daudi, mwenye pikipiki aliyenileta, angelala kijijini na kutuondoa Jumatano mchana. Tungelala kwangu Mangobo na Alhamisi alfajiri tungekuwa mlangoni pa hospitali. Nilifunga mfuko wake mimi mwenyewe, kwa sababu kila alichokiweka alikitoa tena. Aliuliza mara tatu nani atashika darasa la sita. Mara tatu nikamwambia, mwalimu wa la tano.

Ndipo akaingia Pélagie.

Pélagie alisoma kwa mama, akaolewa palepale kijijini, na wakati huo wa kiangazi alikuwa kwenye kambi ya uvuvi ya Lokombe pamoja na nusu ya kijiji. Alikuwa amembeba bintiye Grâce, wa miaka mitano. Macho ya mtoto yalikuwa mekundu, pua inatiririka, na usoni vipele vimeshuka mpaka shingoni.

"Madame, angalia mutoto. Joto iko mingi, na hii vipele ilitoka jana."

Mama hakumtazama, alimgusa. Alipitisha vidole nyuma ya masikio, kwenye paji la uso, shingoni. Kisha akasikiliza mtoto anavyokohoa.

"Hii ni surua," alisema. "Lakini Grâce alichanjwa. Mi mwenyewe niliona kidole yake."

Pélagie alitazama chini. "Madame, ile haikukuwa wino."

"Ilikuwa nini basi?"

"Utomvu ya ndizi na masizi ya sufuria."

Asiyejua kambi zetu hataelewa, kwa hiyo nieleze. Kiangazi, maji yanaposhuka, watu huhamia kwenye vijito vya msituni. Wanawake hufunga kijito kwa magogo na udongo, kisha huyamwaga maji kwa mabeseni, tangu kunapopambazuka, mpaka samaki wabaki wakirukaruka matopeni. Kazi hiyo huanza na kuisha siku moja. Ukiiacha nusu, usiku maji yanapasua ukingo na jasho lako lote limekwenda. Kila mkono unahesabiwa, hata wa mtoto wa miaka mitano anayeokota dagaa kwenye majani. Na siku za chanjo, wiki tatu nyuma, ziliangukia mkesha na siku yenyewe ya kumwaga maji Lokombe. Mtoto akichomwa sindano ya surua anaweza kushikwa na homa, na mtoto mwenye homa hashiki beseni, na mamaye pia hashiki. Basi akina mama wakapatana. Walipaka kucha za watoto utomvu na masizi, wakasema, tumwage maji kwanza, tutawapeleka kwa muuguzi baadaye. Samaki walikuwa wengi mwaka huu. Baadaye ikasahauliwa.

"Batoto ngapi?" mama aliuliza.

"Tisa. Pamoja na huyu."

Mama aliondoa mkono kwenye paji la mtoto. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mulijua mi siko naona?"

"Madame," Pélagie alisema, na machozi yalikuwa yameanza, "kila mutu anajua."

Nilimtazama mama akipokea maneno hayo. Siku zote zile za kuigiza, vitabu vya moyoni, kuhesabu hatua! Nilimwonea huruma, na papo hapo nikamkasirikia, kwa sababu nilijua kitakachofuata. Tayari alikuwa anatafuta kandambili kwa mguu.

Kituo cha afya kilikuwa mkononi mwa muuguzi Hemedi, mtu wa Kisangani kama mama, mpole, Mwislamu anayesali kwenye mkeka nyuma ya ghala la dawa. Alimlaza Grâce, akasikiliza habari yote, akafungua friji. Zilibaki chupa mbili za chanjo, dozi ishirini. Watoto wa Lokombe walikuwa zaidi ya thelathini, waliochanjwa kweli na wasiochanjwa, wote vidole vyeusi.

"Tukiwachoma kesho, wengi tutawawahi," Hemedi alisema. "Lakini dozi hazitoshi kwa wote. Lazima tuchague. Na chupa ikifunguliwa, jioni ni ya kutupa."

"Tunatoka na alfajiri," mama alisema.

"Mama!" nilipiga kelele. "Kesho tunaenda Kisangani!"

"Mchana. Ulisema mchana. Lokombe ni saa moja na pirogue. Tutarudi mbele ya mchana."

"Infirmier Hemedi anaweza kwenda yeye peke yake."

"Wataona sanduku yake ya baridi na watakimbia na batoto kwenye pori. Mi wataningoja."

Nilimwambia mengi ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia kwamba kosa si lake, ni la wale waliomfanya mjinga. Nilimwambia kwamba jicho ni moja. Hapo akanigeukia, akatazama kidogo pembeni ya uso wangu kama anavyofanya siku hizi.

"Yannick," alisema.

Yannick ni mdogo wangu. Mwaka wa vita vya siku sita, Kisangani ilipopigwa mabomu, chanjo hazikufika kwetu miezi mingi. Surua ilimchukua akiwa na miaka minne. Mimi nilikuwa na minane, na nakumbuka mama akitembea naye mgongoni kuzunguka nyumba usiku na mchana, hata baada ya kuambiwa amlaze chini. Baba alikaa. Mama hakukaa. Nadhani hajakaa tangu siku hiyo. Nikasema nitakwenda nao, niwe macho ya mama, na mchana ukifika nitamburuta kwa nywele.

Jumatano tulisukuma mtumbwi, pirogue yetu, kukiwa na ukungu. Mama alikaa mbele, magoti yakicheza, akiuliza kila kona tumefika wapi. Tulipokaribia Lokombe nikaona moshi wa majiko ya kukaushia samaki, na wanawake wakisimama mmoja mmoja. Habari za Grâce zilikuwa zimetutangulia. Hakuna aliyekimbia, lakini hakuna aliyekuja pia.

Mama alishuka, akakanyaga maji, akapiga makofi mawili kama anavyofanya shuleni.

"Batoto wote, mstari!"

Wakapanga mstari. Hata akina mama wengine, ambao aliwafundisha zamani, walinyoosha migongo. Mimi nikapita nikitazama vidole. Ukijua cha kutafuta, si kazi ngumu. Wino wa kweli uko juu ya ukucha tu na una zambarau ndani yake. Utomvu ni kahawia, umeingia kwenye ngozi ya pembeni. Mtu mwenye macho asingedanganyika hata sekunde moja. Nililifikiri hilo na nikajua mama naye analifikiri, maana kila niliposema "huyu, utomvu", bega lake lilishtuka kidogo.

Hemedi alichoma watoto hao, na wadogo zao ambao kadi zao hazikuwa kamili. Vilio vilijaa kambini. Mama alishika kila mkono, akataja kila jina, bila kukosea hata moja. Kisha alisimama katikati ya wanawake, na sauti yake ikabadilika.

"Ninyi niliwafundisha kusoma. Na munanifanyia hivi? Munachukua macho yangu kufichia batoto?"

Félicité, mwanamke mkubwa mwenye beseni bado mkononi, ndiye aliyejibu.

"Madame, tulikosea. Batoto ni wetu, kosa ni yetu. Lakini ile ya macho, hatukunyamaza kwa kukucheka. Tulinyamaza juu mkaguzi akijua, atakutosha kazini. Nani mwingine atakuja kufundisha huku? Batoto wetu wanajua. Kila asubuhi wanapatana nani ataandika kwenye tableau, ili usichoke kuchagua."

Mimi nilitaka kumchukia Félicité na sikuweza. Walikuwa wamemwibia na walikuwa wamemficha, mikono ileile.

Jua lilikuwa limepanda, saa nne hivi. Nikasema, haya, tumemaliza, twende. Hemedi alikuwa anahesabu kwenye daftari.

"Saba," alisema. "Na Grâce, nane."

Wa tisa alikuwa Doudou, mtoto wa miaka mitatu, mjukuu wa Koko Ursule. Koko ni bibi, na Koko Ursule alijulikana mto mzima kwa kutukana sindano. Siku ya kupaka kucha bibi na mjukuu walikuwa hapo, akina mama walisema. Baadaye yeye na mjukuu wake walihamia kambi ya juu, saa mbili kwa kusukuma mtumbwi dhidi ya maji.

"Mi nitaenda," Hemedi alisema haraka, kabla mama hajasema. "Madame, rudi na binti yako. Nitamupata."

"Koko Ursule akusikie wewe? Atakuonyesha mugongo."

Ndipo nikapiga magoti. Ndiyo, nilipiga magoti kwenye matope ya Lokombe, mbele ya wanawake wote na samaki wao, mimi niliyekwisha kuapa sitamwomba mama kitu tena maishani. Nikamshika miguu ile isiyotulia. Nikamwambia, mama, umefanya. Nane kati ya tisa. Mwalimu gani anapata nane kati ya tisa akalia? Rudi nami. Ninakuomba. Mimi pia ni mtoto wako.

Aliniwekea mkono kichwani. Nilifikiri nimeshinda.

"Kama ni huyo moja ndiye atakufa," alisema, "nitaona nini na hiyo jicho?"

Tukaenda. Saa mbili zikawa tatu, kwa sababu magogo yalikuwa yamelala kijitoni na Hemedi na mimi tulilazimika kushuka na kuuvusha mtumbwi. Mama aliongea njia nzima, juu ya mihogo, juu ya mwalimu wa la tano asiyejua sehemu za kumi, juu ya kila kitu isipokuwa Alhamisi.

Koko Ursule alikuwa ameketi mbele ya kibanda akikwangua magamba. Doudou alikuwa karibu naye, uchi, mnene, anakula lituma, ndizi za kupondwa, kwa mikono miwili. Mama alisalimia. Aliongea kwa upole, akazunguka, akasogea, kama mtu anayemkamata kuku bila kumshtua. Mimi sikuwa na subira. Nilimshika mtoto mkono wa kushoto na kuuinua kwenye mwanga.

Ukucha ulikuwa wa zambarau.

Nilitazama tena. Ngozi ya pembeni safi. Hemedi akaja, akatazama, akamtazama bibi.

"Koko, huyu alichanjwa?"

Koko Ursule alitema mate pembeni. "Siku ya mwisho. Nilimupeleka Yabotumbe mi mwenyewe, kwa wale wachanjaji wa kutoka mjini, saa ile watu wote walikuwa wanamwaga maji. Ile utomvu ya wale wanawake niliisugua na mchanga."

"Mbona hukusema?"

"Niseme ili wanicheke? Miaka yote natukana sindano!"

Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika mti. Koko Ursule naye akaanza kucheka, na Hemedi, na Doudou akacheka kwa sababu wakubwa wanacheka. Mimi sikucheka. Nilirudi mtumbwini nikaketi na kushika kasia, na kama ningejua kusukuma peke yangu ningewaacha wote huko.

Tulifika Yabotumbe jua likishuka. Daudi alikuwa ametungoja mpaka saa tisa, akaondoka, maana alikuwa na watu wengine wa kubeba. Pikipiki nyingine ilipatikana alfajiri ya Alhamisi. Kamba ya mfuko ilikatika njiani, mnyororo ukatoka mara mbili, na kivuko cha Lindi kilikuwa upande wa pili kikingoja lori. Tuliingia hospitalini saa nne na nusu.

Msichana mwenye orodha alipitisha kalamu mpaka jina la mama. Alikuwa ameliita mara tatu, alisema, na kuliita tena nusu saa baadaye. Nafasi alipewa mzee mmoja wa Yahuma aliyelala siku tatu kwenye korido akiomba mtu mmoja tu asifike. Wapasuaji walikuwa wanaondoka kesho yake jioni, na nafasi za siku hiyo zilikuwa zimekwisha kujaa. Mwakani, alisema, Mungu akipenda. Niliuliza kama jicho litangoja mpaka mwakani. Alisema yeye anaandika majina tu.

Nikamgeukia mama mbele ya watu wote. "Umeona? Jicho yako imeenda kwa mutoto mwenye alikuwa tayari na chanjo! Kwa bure! Kwa bure, mama!"

"Nisingeenda, ningejua?" alisema.

Nilitaka tuondoke. Alikataa. Alitaka kungoja mzee wa Yahuma atoke. Tulingoja mpaka karibu saa saba, yeye akitembea kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule huku mkono wake ukipapasa rangi, wagonjwa wakivuta miguu ili asijikwae. Mzee alipotoka, jicho moja limefungwa kitambaa cheupe na mwanawe akimshika kiwiko, mama alikwenda mbele yake akampa mkono.

"Papa, hongera."

Mzee hakumjua. Alimshika mkono kwa furaha na kuutikisa. "Aksanti, mama. Mi ni mutu wa bahati. Kuna moja mwenye hakufika. Mungu amubariki kule kwenye iko."

"Amina," mama alisema.

Akasimama pale mpaka hatua za mzee zilipopotea mwisho wa korido. Kisha akanitafuta kwa mkono, akanipata juu ya kiwiko, akashika kwa nguvu mpaka kucha zake zikaniuma.

"Glodie," alisema. "Naogopa."

Nilimketisha kwenye benchi. Aliketi, na safari hii hakuinuka.